Mfupa si Hatimiliki

Ukitoka Museum Hill, yalipo Makavazi ya Kitaifa, ukashika Waiyaki Way kupitia Westlands na Kangemi hadi Mountain View, unafuata njia ambayo habari za asili yetu zimekuwa zikisafiri kwa karibu miaka mia moja. Makavazi ndiyo yanayotunza mifupa. Ukiipita Mountain View kidogo, upande wa Uthiru, kuna ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ambako chembe za urithi za ng'ombe wa Afrika zimechunguzwa kwa miaka mingi. Kabete, hapo hapo jirani, ndiko alikozaliwa Louis Leakey tarehe 7 Agosti 1903, mtoto wa wamishonari wa CMS aliyekua akizungumza Kikuyu na kuingizwa katika rika pamoja na vijana wenzake. Na barabara hiyo hiyo ikishuka Bonde la Ufa inafika Naivasha, Gilgil, Elmenteita na Nakuru, ambako Leakey, kijana wa miaka ishirini na kitu, alifukua mafuvu yaliyompa jina muda mrefu kabla ya Olduvai.

Mtaani kwetu, hapo Mountain View, mjadala wa asili uliingia kwa mlango wa mate. Mzee mmoja jirani yangu, mhandisi mstaafu, ana binti anayeishi Manchester. Binti alitema mate kwenye kichupa, akakituma kwa posta, na baada ya majuma kadhaa akaletewa ramani yenye rangi: sehemu kubwa Afrika Mashariki, sehemu Afrika Magharibi, sehemu Pembe ya Afrika, na asilimia moja kaskazini-magharibi mwa Ulaya. Mzee hakuzungumzia zile tisini na tisa. Aliibeba ile moja kila alikokwenda, kwenye kikao cha wakazi, kwa kinyozi, hata kwenye matanga. Nilimwambia kwamba asilimia moja katika vipimo vya aina hiyo mara nyingi ni kosa la kukadiria tu, kwa kuwa kompyuta inalinganisha mate yako na ya watu wa leo waliomo katika hazina ya kampuni, wala haijawahi kukutana na babu zako. Hakupenda. Sikumlaumu sana. Shule tulizosoma, mimi naye, zilitulea tukiamini kwamba kuwa na kitu cha Ulaya ndani yako ni kupanda daraja.

Lakini hao watu wa kaskazini-magharibi mwa Ulaya ni akina nani hasa?

Mwaka ule ule wa 1903, katika pango la Gough kwenye bonde la Cheddar huko Somerset, Uingereza, palifukuliwa mifupa ya mwanamume aliyekufa takriban miaka 10,000 iliyopita. Wanamwita Mtu wa Cheddar. Mnamo 1997, Bryan Sykes wa Chuo Kikuu cha Oxford alilinganisha chembe zake zinazorithiwa kwa mama na za wakazi wa kijiji kile, akampata mwalimu wa historia ambaye zake zililingana. Magazeti yalifurahi mno: ukoo mmoja, bonde moja, miaka elfu tisa bila kuhama! Halafu mnamo Februari 2018 makavazi ya historia asilia ya London yakatangaza matokeo ya jenomu yake nzima. Yaelekea ngozi yake ilikuwa nyeusi au karibu nyeusi, na macho yake ya rangi ya samawati. Baadhi ya Waingereza walikasirika kana kwamba wametukanwa.

Nadhani walikasirikia jambo dogo. Rangi haikuwa habari kubwa ya mwaka huo. Habari kubwa ilitoka katika utafiti mwingine uliochapishwa mwezi huo huo katika jarida la Nature, ukiongozwa na Iñigo Olalde. Ulionyesha kwamba wakulima wa kwanza waliingia Uingereza yapata mwaka 4000 kabla ya Kristo, wakiwa na asili ya Anatolia, yaani Uturuki ya leo, na wakawameza wawindaji wa jamii ya Cheddar. Kisha, kuanzia kama 2450 kabla ya Kristo, wakaja watu wengine kutoka bara la Ulaya waliozika wafu wao pamoja na vyungu vya umbo la kengele, nao walikuwa na nasaba ya wafugaji wa nyika za mashariki. Ndani ya karne chache asilimia 90 hivi ya chembe za urithi za kisiwa kile zilikuwa zimebadilishwa. Waliosimamisha mawe makubwa ya Stonehenge waliacha wajukuu wachache kuliko watalii wanaoyapiga picha wanavyodhani. Mwingereza wa leo ana takriban sehemu moja kwa kumi tu kutoka kwa watu wa aina ya Mtu wa Cheddar. Yule mwalimu wa historia aliunganishwa na pango kwa uzi mmoja katika shuka zima, na uzi wa aina hiyo wanao Wazungu wengi ambao hawajawahi kuiona Somerset.

Ireland nayo ni hivyo hivyo. Mnamo 2006, katika kisiwa cha Rathlin, nyuma ya baa, mifupa ya wanaume watatu wa miaka kama 4,000 iliyopita ilijitokeza ardhi ilipokuwa ikisawazishwa. Jenomu zao, zilizochapishwa 2015, zinafanana na za Wairishi, Waskoti na Wawelshi wa leo. Lakini mwanamke mkulima wa Ballynahatty, karibu na Belfast, aliyewatangulia kwa miaka elfu moja na zaidi, hafanani nao. Yeye anafanana zaidi na watu wa kusini mwa Ulaya. Kwa hiyo yule anayeitwa mwenyeji wa tangu na tangu wa Ireland ni mgeni wa Enzi ya Shaba Nyeusi.

Nimekaa Ulaya kwa kirefu kwa sababu Leakey alikwenda Elmenteita miaka ya 1920 akiwa na picha nyingine kabisa kichwani. Katika picha hiyo Ulaya ilikuwa imekwisha kutulia tangu kale, na Afrika ilikuwa inapokea kutoka kaskazini kila kilichokuwa na akili. Tumtendee haki: alikuwa mchimbaji hodari, na wakati wasomi wengi walikuwa wakitafuta chimbuko la binadamu Asia, yeye alishikilia Afrika, na hatimaye ikaonekana amesema kweli. Lakini alipochapisha kitabu chake kuhusu jamii za watu wa Enzi ya Mawe nchini Kenya mnamo 1935, baada ya kupima pua, taya na urefu wa nyuso, alihitimisha kwamba mafuvu yale hayakuwa ya watu weusi. Aliyaweka karibu na Wahamiti, ambao katika elimu ya enzi ile walihesabiwa kuwa tawi la Wazungu. Miaka mitano kabla yake C. G. Seligman alikuwa ameandika katika kitabu chake kuhusu jamii za Afrika kwamba ustaarabu wa bara hili ulikuwa kazi ya Wahamiti. Leakey alikuta mabakuli ya mawe yaliyochongwa vizuri, vyungu, na vito vya shingoni. Akaona ni lazima pawe na Mhamiti.

Ilichukua muda mrefu mtu kuyapima upya. Philip Rightmire, Mmarekani, alichapisha vipimo vyake vya mafuvu ya Bonde la Ufa mnamo 1975, kwa hesabu za takwimu ambazo Leakey hakuwa nazo, na akasema wazi kwamba ni ya Waafrika. Kitabu cha Leakey kilikuwa kimesomwa kwa miaka arobaini.

Na nadharia ile ya Wahamiti haikubaki rafuni. Mpelelezi John Hanning Speke aliiandika mnamo 1863 kuhusu watawala wa falme za Maziwa Makuu, kwamba walitoka Ethiopia na damu yao ilikuwa bora. Wabelgiji waliichukua wakaitumia kugawa watu wa Rwanda kwa vitambulisho. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama jukwaani akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Mwaka mmoja na nusu baadaye mto ulikuwa umebeba maiti. Anayedhani habari za nani alitoka wapi ni za wasomi peke yao, aanzie hapo.

Sasa tuje kwenye mfupa wenyewe. Ndani ya sikio kuna kipande cha mfupa kigumu kuliko mingine yote mwilini, nacho huhifadhi DNA hata katika joto letu. Mnamo 2019 jarida la Science lilichapisha matokeo ya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania. Mwandishi wa kwanza alikuwa Mary Prendergast. Kazi ya maabara ilifanyika kwa David Reich huko Harvard. Na miongoni mwa waandishi walikuwamo watafiti wa Makavazi yetu, Christine Ogola, Emmanuel Ndiema na Fredrick Manthi, pamoja na Audax Mabulla wa Tanzania. Mafuvu ya zama za Leakey, yaliyokuwa yakikaa kwenye masanduku Museum Hill, yaliulizwa swali jipya.

Jibu lilikuwa la ngazi kadhaa. Wafugaji wa kwanza wa Bonde la Ufa, walioishi kati ya miaka kama 3,300 na 1,200 iliyopita, walikuwa na asili tatu. Kwa kukadiria, sehemu mbili kwa tano zinaelekea kwa watu wa kale wa kaskazini mwa Afrika na Levant, yaani pwani ya mashariki ya Mediterania. Sehemu nyingine mbili zinaelekea kwa watu walio karibu na Wadinka wa Sudan Kusini. Na sehemu moja ni ya wawindaji waliokuwa hapa tangu zamani. Mchanganyiko wa kwanza ulifanyika huko kaskazini-mashariki mwa Afrika kabla hawajafika kwetu. Wa pili ulifanyika hapa, nao ulikoma mapema: baada ya vizazi vya mwanzo, wafugaji na wawindaji waliishi jirani kwa karne nyingi bila kuoana sana.

Nilipomsimulia haya, yule mzee wa asilimia moja alinyanyua kidole. Hiyo Levant si ndiyo Leakey aliyokuwa akiisema? La. Watu wale wa kale wa kaskazini hawakuwa Wazungu. Walikuwa majirani wa bara hili waliokwisha kuoana na Waafrika wengine kabla ng'ombe wa kwanza hajanywa maji ya Nakuru. Na Ulaya yenyewe ilijichotea wakulima wake pande hizo hizo. Ikiwa alama ya Levant inamfanya mchungaji wa Elmenteita kuwa Mzungu, basi Mwingereza aliyetoka kwa wakulima wa Anatolia ni Mturuki. Sijamsikia Mwingereza akiidai Ankara.

Kuna jambo katika utafiti ule ambalo magazeti yetu yalilipita, nami naliona ndilo tamu kuliko yote. Wanaakiolojia wamewagawa wafugaji wale katika makundi mawili. Wa Elmenteita walikuwa na vyungu vyao na walichukua mawe ya obsidia, yale meusi yanayong'aa kama kioo, kutoka mlima Eburru. Wa nyika, walioenea pande nyingine za bonde, walikuwa na vyungu vya mapambo tofauti na walipata obsidia yao upande wa Naivasha. Hawakuzika kwa namna moja, hawakuchonga kwa namna moja, na yaelekea walipishana njiani wakitambuana kwa mbali. DNA yao haitofautiani. Mtu akitazama vyungu anaona makabila mawili. Akitazama chembe za urithi anaona watu wamoja. Tofauti waliyoilinda kwa zaidi ya miaka elfu moja waliitengeneza wenyewe kwa mikono, kwa udongo na kwa desturi.

Na kuna maziwa. Binadamu wengi wakishakua hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Tumbo hujaa gesi, wengine huhara. Wairishi hawana shida hiyo, zaidi ya tisa kati ya kumi hunywa glasi nzima bila wasiwasi. Wamaasai wengi nao hivyo hivyo. Mtu wa enzi ya Seligman angeona hapo ushahidi: watu wawili wanaofanana jambo adimu, basi wametoka tumbo moja. Mnamo 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichunguza wafugaji wa Kenya, Tanzania na Sudan wakakuta kwamba herufi iliyobadilika ndani ya DNA yao si ile ya Ulaya. Ni badiliko jingine, mahali pengine, lililozuka hapa hapa Afrika Mashariki kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita na kuenea kwa kasi kwa sababu aliyekuwa nalo aliishi akazaa. Mwirishi ana lake, Mmaasai ana lake. Tumbo linafanya kazi ile ile bila undugu wowote. Pua na taya alizozipima Leakey zingeweza kuwa na hadithi kama hiyo, lakini yeye aliona kufanana, akatangaza nasaba.

Tena maziwa yalitangulia. Kwenye kilima cha Lukenya, kile unachokiona ukielekea Machakos baada ya Athi River, utando wa meno ya watu wa miaka 3,600 hadi 3,200 iliyopita umehifadhi protini za maziwa. Walikunywa, au walikula, bila hilo badiliko. Katika wale 41 wa mwaka 2019, kati ya waliochunguzwa kuhusu jambo hilo, alipatikana mmoja tu aliyekuwa nalo, katika pango la Gishimangeda nchini Tanzania, na yeye aliishi miaka kama 2,000 iliyopita. Wale wengine walifanyaje? Muulize mama yeyote wa Kericho anayejua kutengeneza mursik. Maziwa yakigandishwa kwenye kibuyu, vijidudu hula sehemu ya sukari kabla yako. Ulaya ilipitia hali hiyo hiyo. Utafiti mkubwa wa 2022 ulionyesha kwamba watu wake walitumia maziwa kwa maelfu ya miaka kabla badiliko lao halijawa la kawaida. Kibuyu kilikuja kwanza, DNA ikafuata nyuma.

Wanasayansi nao hukosea, na hapa nawavulia kofia wale wanaokiri. Jenomu ya kwanza nzima ya Mwafrika wa kale ilitoka pango la Mota, Ethiopia, mtu wa miaka 4,500 iliyopita. Ilipochapishwa Oktoba 2015, makala ilidai kwamba damu ya Eurasia ilikuwa imeenea bara zima, hadi kwa Wayoruba na Wambuti. Miezi michache baadaye waandishi wenyewe walitangaza kwamba programu mbili za kompyuta hazikuoanishwa sawasawa; dai la bara zima likafutwa, likabaki la Afrika Mashariki. Vichwa vya habari vya kwanza vilikwisha kuzunguka dunia. Sahihisho lilisafiri kwa miguu.

Nikikaa na majirani, hata hivyo, sioni mtu anayehofia Seligman. Hofu ipo karibu zaidi. Katika wale 41 yumo mmoja aliyezikwa Deloraine, karibu na Rongai, Kaunti ya Nakuru, kwenye shamba ambalo Lord Francis Scott alilipa jina la kwao na kujenga jumba la mawe mnamo 1920. Mtu huyo aliishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na nasaba yake inaelekea kwa wazungumzaji wa lugha za Kibantu. Yaani katika Nakuru ile ile ambako Mkikuyu na Mkisii wameitwa wageni, ambako mwaka 1992, na tena mwishoni mwa 2007, watu walifukuzwa kwa kuambiwa warudi kwao, amelala Mbantu wa zama za khalifa Harun al-Rashid, au labda za mjukuu wa khalifa huyo. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zile za 2007 na 2008. Najua kuna atakayesoma habari za Deloraine akapiga meza: mnaona, tulikuwapo!

Mwenzake atamjibu kwamba wafugaji wa Elmenteita walitangulia, na kwamba damu yao imo kwa Wakalenjin na Wamaasai. Naye atakuwa sahihi. Wa tatu atasema wawindaji waliwatangulia wote, naye pia. Halafu? Mkikuyu mwenyewe ana sehemu ya nasaba ya wafugaji wale wa zamani; masimulizi yake ya Waathi na Wagumba, watu waliomtangulia, hayakutoka hewani. Ukiwapanga Wakenya kwa kufuata mfupa, kila mmoja atajikuta kwenye foleni tatu kwa wakati mmoja. Na yule Mbantu wa Deloraine hakuacha wosia, wala hakuna anayejua kama ana hata mjukuu mmoja aliye hai Rongai leo. Stonehenge ni fundisho la kutosha kwamba waliolala chini ya ardhi na wanaolima juu yake huenda hawajuani.

Anayetaka kuona haki ya ardhi ikidaiwa kwa njia inayofaa aangalie Waogiek wa Mau. Kesi yao ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 majaji wakaamua kwamba Kenya imevunja vifungu saba vya Mkataba wa Afrika. Mnamo Juni 2022 wakaamuru fidia. Waogiek hawakuombwa tone la mate. Walieleza wanavyoishi na msitu: mizinga, asali, maziko, mipaka ya koo, na namna walivyotolewa mara baada ya mara. Kama mahakama ingedai asilimia, mwanasheria wa Serikali angekuja na mtaalamu wa kuonyesha kwamba Waogiek wameoana na Wakipsigis na Wamaasai, na kesi ingeishia hapo. Kwa bahati mbaya hukumu ile haijaheshimiwa ipasavyo. Mnamo Novemba 2023 nyumba zilibomolewa tena Mau. Lakini kosa hilo ni la wenye madaraka.

Pwani wamekwisha kupitia mtihani huu. Mnamo 2023 Esther Brielle, Chapurukha Kusimba na wenzao walichapisha DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Upande wa mama karibu wote ni Waafrika. Upande wa baba wengi wanaelekea Uajemi, na kuoana kulianza yapata mwaka 1000. Siku ile ile habari ilipotoka, walikuwapo waliosema Washirazi, wanaojinasibu na Uajemi, wamethibitishwa na waliosema Uafrika wa Waswahili umethibitishwa. Wote wawili walikuwa wanasoma jedwali moja. Hakuna aliyeuliza kwa nini wana wa wanaume wale walizungumza lugha ya mama zao.

Kwa ng'ombe tunakuwa watu wa busara zaidi. Mnamo 2002 Olivier Hanotte wa ILRI, hapo hapo juu ya barabara kutoka kwetu, alichapisha na wenzake uchunguzi wa ng'ombe wa kienyeji wa jamii 50 kutoka nchi 23 za Afrika. Ulionyesha tabaka za safari: ng'ombe wa kale wa bara, mchango wa Mashariki ya Karibu, kisha zebu wa Asia waliopitia pwani ya mashariki wakasambaa. Borana mwenye nundu unayemwona akishushwa lori Dagoretti ana mababu wa India. Hajawahi kuambiwa arudi Gujarat.

Linalonisumbua mimi ni idhini. Kutoboa mfupa wa sikio ni kuuharibu. Unga uliotoka haurudi. Kwa mujibu wa Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, mabaki ya namna hii yako mikononi mwa Serikali, na kibali hutolewa Nairobi. Mnamo 2021 watafiti kutoka nchi 31 walichapisha miongozo mitano ya maadili, mmoja wao ukisema wadau wa mahali husika washirikishwe tangu mwanzo na maoni yao yaheshimiwe. Sawa, lakini kwa wafugaji wa Elmenteita wadau ni nani? Hakuna kabila moja linaloweza kutia sahihi kwa niaba yao, na likiruhusiwa moja, kesho yake litakuwa na karatasi ya kupeperusha kwenye mkutano wa kampeni za 2027.

Pendekezo langu ni kwamba kabla sanduku jingine halijafunguliwa, Makavazi yaitishe kikao Hyrax Hill, pale alipochimba Mary Leakey mnamo 1937, na si Museum Hill. Wakae wazee wa Kimaasai, wa Kikipsigis, wa Kitugen, wa Kikuyu na wa Kiogiek, pamoja na wakazi wa Nakuru ambao hawana mzee wa kuwasemea, na waambiwe kwa lugha wanayoielewa kilichopatikana mwaka 2019: asili tatu, vyungu vya aina mbili, mtu mmoja wa Gishimangeda, mtu mmoja wa Deloraine. Kisha waulizwe kama wanakubali kutoboa tena, na wakikataa, wakubaliwe. Ubishi utakuwepo. Bora utokee pale, mbele ya mifupa yenyewe na walioisoma, kuliko jukwaani mbele ya mtu aliyesoma kichwa cha habari tu.